Jinsi ya kuzitoa nota za kwaya kwenye Finale ya zamani kabla mashine haijazima

Mwalimu aliyenifundisha kusoma nota alinikabidhi kompyuta yake ya mezani, akaniambia, "Mwanangu, nyimbo zangu zote zimo humu. Usiache zikafia ndani." Ni mashine ya Windows XP, feni yake inanguruma kama kinu cha kusaga, na miaka yote imekaa kwenye nyumba moja ya Ngamiani hapa Tanga, dirishani, ambako upepo wa bahari unaingia na chumvi yake. Ndani nilikuta folda moja yenye faili 214, zote zinaishia na .mus. Niliponakili moja kwenye laptopu yangu na kubofya, laptopu iliniuliza inifungulie kwa programu gani. Hakuna iliyokubali.

Mwongozo huu nimewaandikia walimu wa kwaya, wapiga kinanda na watunzi wenye mzigo kama huo. Kila parokia na kila usharika una mtu wa aina hiyo, aliyechapa nyimbo usiku kucha kwenye programu za kuandika nota kama Finale, Sibelius au Encore, kisha programu ikazeeka pamoja naye. Nitakwenda kwa mpangilio nilioufuata mwenyewe, maana mpangilio ndio unaookoa kazi.

Jua kwanza una nini mkononi

Finale ilitoka Marekani mwaka 1988, na kwa zaidi ya miaka 30 ilikuwa miongoni mwa programu kuu za kuandika nota duniani. Tarehe 26 Agosti 2024, MakeMusic, kampuni inayoimiliki, ilitangaza kwamba inaacha kuiendeleza, na toleo la 27 likawa la mwisho. Awali kampuni ilisema baada ya mwaka mmoja mtu hataweza tena kuisajili kwenye kompyuta nyingine. Watumiaji walipiga kelele, ikabadili msimamo na kusema usajili utaendelea. Kwa hiyo Finale uliyo nayo haikuzimika siku ile. Ila usijenge mipango yako ya miaka kumi ijayo juu ya programu ambayo mwenyewe ameshaiacha, kwa sababu Windows inabadilika kila baada ya muda na hakuna atakayeirekebisha ili iendane nayo.

Sasa angalia herufi za mwisho za jina la faili. Zikiwa .mus, hiyo ni Finale ya 2012 au ya kabla yake. Zikiwa .musx, ni Finale ya 2014 au ya baadaye. Faili za .sib ni za Sibelius, na .enc ni za Encore. Finale mpya hufungua faili za Finale za zamani, lakini Finale ya zamani haifungui zilizoandikwa na toleo jipya zaidi yake. Nimeona mtu akikata tamaa kwamba faili imeharibika, kumbe alikuwa anaifungua kwa toleo la nyuma.

Hatua ya kwanza: nakili kila kitu, na mfukuze fundi

Kabla hujafungua wimbo hata mmoja, nakili folda nzima kwenye flashi mbili. Moja ikae kwako, nyingine ikae nyumba nyingine kabisa. Kama mashine ina virusi vile vinavyogeuza folda kuwa shotikati, ipitishe flashi kwenye antivairasi ya kompyuta nyingine kabla ya kuendelea.

Nasema mfukuze fundi kwa sababu ya jambo lililoikuta kwaya moja jirani. Kompyuta yao ilikuwa nzito, wakaipeleka kwa fundi mmoja mjini, naye akapiga Windows upya bila kuuliza. Mashine ilirudi ikiwa nyepesi na safi, bila wimbo hata mmoja. Walibaki na vitabu vya karatasi vilivyochanika pembeni na misa mbili zilizokuwa kwenye simu ya mpiga kinanda. Zaidi ya hapo, ukipiga Windows upya leseni ya Finale inabidi isajiliwe tena, na kama namba ya leseni ilikuwa kwenye boksi lililotupwa zamani, umekwama. Basi kompyuta hiyo isiguswe na mtu mpaka kazi iishe. Iondoe pia kwenye intaneti, haina shida nayo.

Ukikuta faili zinazoishia na .bak, usizifute. Finale huhifadhi nakala ya akiba kwa jina hilo. Faili kuu ikigoma kufunguka, nakili ile ya .bak, badili mwisho wake uwe .mus, kisha ijaribu. Kwenye zile 214 nilipata nyimbo tatu kwa njia hiyo, na mmoja wao ni wa Jumapili ya Matawi ambao mwalimu alikuwa ameshaukatia tamaa.

Hatua ya pili: geuza kuwa MusicXML

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. MusicXML ni muundo wa faili uliobuniwa na Michael Good ili programu moja ya nota iweze kuongea na nyingine. Toleo lake la kwanza rasmi lilitoka 2004, na siku hizi takriban kila programu ya nota inausoma. Ndani yake kuna nota, mapigo, ufunguo, maneno ya wimbo, alama za nguvu ya sauti na pinde za kuunganisha nota. Faili zake huishia na .musicxml, .xml au .mxl, na zote tatu ni kitu kimoja. Ya mwisho imebanwa tu ili iwe ndogo.

Kwenye Finale za karibuni, fungua wimbo, nenda menyu ya File, kisha Export, chagua MusicXML. Kwenye matoleo ya zamani, kama huioni hapo, itafute kwenye menyu ya Plug-ins. Matoleo mengi yana pia amri ya kugeuza folda nzima kwa mkupuo, inaitwa Translate Folder to MusicXML. Niliiachia folda ile, nikaenda kununua mihogo, niliporudi ilikuwa imemaliza. Hata hivyo hesabu faili zilizotoka ulinganishe na zilizoingia. Mimi nilipata pungufu ya tano, na hizo nikazifungua moja moja kwa mkono.

Wenye Sibelius: kuanzia Sibelius 7 ya mwaka 2011, programu inatoa MusicXML yenyewe. Wenye Encore: Encore 5 inatoa MusicXML, za kabla yake utaambulia MIDI. MIDI ni njia ya mwisho kabisa. Inabeba sauti gani ilie na kwa muda gani, lakini haijui kwamba ile ni F yenye kupandishwa na si G yenye kushushwa, na pinde zote zinapotea. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, usiichague.

Na kama huna programu yenyewe, una faili tupu? Tafuta mtu mmoja mwenye Finale 27 halali akugeuzie folda yote siku moja. Katika mji kama wetu, anayefundisha muziki au anayerekodi kwaya humjui, lakini mpiga kinanda wako anamjua.

Hatua ya tatu: toa na PDF

Wengi wanairuka hatua hii na baadaye wanajuta. MusicXML inabeba muziki, lakini sura ya ukurasa haiji yote. PDF inashika sura yote jinsi ilivyokuwa: mistari mingapi kwa ukurasa, neno "Rudia" limekaa wapi, mwalimu aliandika nini juu ya besi. Ukiwa unasahihisha kwenye programu mpya, hiyo PDF ndiyo shahidi wako.

Windows 10 na 11 zina printa ya PDF tayari. Windows XP haina, kwa hiyo utapakua programu ndogo ya printa ya PDF kwenye kompyuta nyingine na kuipeleka kwa flashi. Ikishindikana, printi kwenye karatasi. Wimbo mmoja wa sauti nne ni kurasa mbili au tatu, na stationari yoyote itakufanyia skani baadaye.

Hatua ya nne: chagua programu mpya

Kwa kwaya nyingi za kwetu, jibu langu ni MuseScore. Ni ya bure kabisa, na msimbo wake uko wazi. Ilianzishwa na Werner Schweer mwaka 2002, na toleo la 4 lililotoka Desemba 2022 liliifanya iwe programu ya kutegemewa hata kwa kazi nzito. Sasa inaitwa MuseScore Studio. Ipakue kutoka musescore.org. Angalia vizuri hiyo "org", kwa sababu iko tovuti nyingine yenye jina hilohilo inayoishia na "com", ambayo ni ya kushirikishana nota na huomba malipo ya uanachama. Vijana wawili wa kwaya yetu waliniambia MuseScore inalipiwa, kumbe walikuwa wameingia mlango wa pili.

MuseScore 4 inataka Windows 10 au zaidi, ya biti 64. Kama laptopu yako ni ya Windows 7 au ya biti 32, weka MuseScore 3, ambayo bado inapatikana na inatosha kabisa kwa sauti nne na kinanda. Utaona pia zile sauti nzuri za Muse Sounds. Zinavutia, lakini zinakula gigabaiti kadhaa za bando, na kwaya itaimba yenyewe. Ziache kwanza.

Dorico ni ya Steinberg ya Ujerumani. Ilitengenezwa na watu waliokuwa wakiijenga Sibelius mjini London, ambao ofisi yao ilifungwa mwaka 2012. Toleo la kwanza likatoka 2016. MakeMusic ilipoiacha Finale, iliwaelekeza watumiaji wake huko, wakapewa Dorico Pro kwa dola 149. Ni programu safi sana, hasa kwa mtu anayetayarisha kitabu kizima chenye nyimbo nyingi katika faili moja. Ipo ya bure, Dorico SE, inayobeba hadi wapigaji au waimbaji wanane. Kwa sauti nne na ogani, wanane wanatosha. Mimi niliijaribu mwezi mzima. Ilinishinda si kwa ubaya, ila wanakwaya wangu wote wana MuseScore, na nilitaka tupeane faili bila kuhangaika.

Sibelius bado ipo, inamilikiwa na Avid tangu 2006, na toleo lake la bure linaishia ala nne.

LilyPond ni ya wenye kompyuta dhaifu na moyo wa subira. Huchori nota, unaziandika kwa herufi: c4 d e f maana yake ni nota nne za pigo moja moja, C, D, E, F. Kisha programu inakuchorea ukurasa mzuri kuliko wa programu nyingi za kulipia. Ilianzishwa 1996 na Waholanzi wawili, nayo ni bure. Kijana anayejua kidogo mambo ya programu ataipenda. Mzee wangu nilimwonyesha, akasema, "Hii ni kama telegramu."

Hatua ya tano: fungua, lakini usiamini

Kabla ya kufungua faili ya kwanza kwenye MuseScore, ingia kwenye Preferences, sehemu ya Import, ondoa alama kwenye kuingiza mpangilio wa kurasa na kuingiza mahali mistari inapokatika. Usipofanya hivyo, MuseScore itajilazimisha kuiga ukurasa wa Finale, na utakuta maneno ya alto yamepanda juu ya nota za soprano.

Fungua wimbo, weka PDF pembeni, kagua kwa mpangilio huu. Idadi ya bar, yaani vipande vya mapigo vinavyotenganishwa na mistari ya wima, iwe sawa. Bar ya mwanzo isiyotimia, ile inayoanza na pigo la mwisho, isiwe imejazwa kimya kisichokuwepo. Sauti ya tatu, yaani tenor, mara nyingi huandikwa kwa ufunguo wa G wenye namba 8 chini, na namba hiyo ikipotea sauti hiyo inaruka oktavu nzima juu. Ukibonyeza kucheza, utaisikia mara moja.

Halafu maneno. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu programu hizi hazikutungwa na watu wanaoimba Kiswahili.

Wimbo mmoja wa mwalimu una maneno "Nchi yote imshangilie". Kwa kuimba ni N-chi yo-te i-m-sha-ngi-li-e. Ile N ya mwanzo ina nota yake, na m ya katikati ina nota yake pia. Kwenye Finale ya zamani mwalimu alikuwa ameandika "Nchi" kama silabi moja, kisha akaisogeza kwa panya mpaka ikakaa chini ya nota mbili. Kwa macho ilikuwa sawa. Lakini faili ilijua silabi moja tu, na ilipohamia MuseScore maneno yote ya mstari yalirudi nyuma nota moja: "yo" ikaimbwa mahali pa "chi", na "te" mahali pa "yo". Ukiona maneno yamehama hivyo, usisogeze kitu kwa panya. Bofya nota ya kwanza, bonyeza Ctrl+L, futa silabi, andika upya, ukibonyeza kistari kila silabi inapokatika na nafasi kila neno linapoisha. Silabi ya mwisho ya neno ikivutwa kwenye nota nyingi, bonyeza kistari cha chini mara moja kwa kila nota.

Kinyume chake pia kipo. "Bwana asifiwe" mara nyingi huimbwa "Bwa-na‿a-si-fi-we", a mbili kwenye nota moja. Ukiwa ndani ya maneno, fungua dirisha la alama maalumu, chagua ule upinde mdogo, uweke kati ya "na" na "a". Bila upinde huo ukiweka nafasi ya kawaida, programu itarukia nota inayofuata. Angalia pia neno kama "ng'aa": katika faili nilizogeuza, ile alama ya juu ilipotea mara kadhaa, na "ngaa" si neno ambalo kwaya inapaswa kulikuta kwenye karatasi.

Ukimaliza maneno, chagua nota zote, bonyeza Ctrl+R ili vitu vilivyosogezwa ovyo virudi mahali pake. Kukata mstari, chagua mstari wa bar na ubonyeze Enter. Kukata ukurasa, Ctrl+Enter. Ukubwa wa nota uko kwenye Format, Page settings. Kwa wazee wa besi wangu nimeukuza, na tangu hapo hakuna aliyesahau miwani akashindwa kuimba.

Solfa

Wanakwaya wetu wengi wanasoma solfa, ile ya d r m f s l t iliyoenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 na kuletwa kwetu na wamisionari. Nukta mbili zinatenganisha mapigo, nukta moja inagawa pigo, kistari kinavuta sauti. Programu hizi kubwa zinafikiri kwa mistari mitano, na kwa solfa kamili kama tunavyoiandika utalazimika kujisaidia.

Kwa wimbo mwepesi, ninaandika herufi za solfa kama ubeti wa kwanza wa maneno na maneno yenyewe kama ubeti wa pili. Inasaidia mazoezini, lakini vistari vya kuvuta sauti havina pa kukaa, kwa kuwa havina nota yake. Kwa solfa rasmi ya kupeleka kwa watu, bado natengeneza jedwali kwenye programu ya kuandikia barua, safu moja kwa kila pigo, sauti nne kwa mistari minne, na maneno chini. Ni kazi ya mikono, na naifanya kwa moyo, kwa sababu nota za mistari mitano peke yake zingewaacha nje robo tatu ya wanakwaya wangu.

Usitupe karatasi za solfa za zamani ukidhani kompyuta ina kila kitu. Wimbo ambao faili yake imekataa katakata kufunguka, karatasi ya solfa ndiyo itakayouleta tena. Kama una karatasi ya mistari mitano iliyochapwa vizuri, ipo programu ya bure inayoitwa Audiveris inayosoma picha ya nota na kutoa MusicXML. Inakosea, hasa kwenye maneno, ila inapunguza kazi. Solfa na nota za kuandikwa kwa mkono haiziwezi.

Hatua ya mwisho: majina na mazoezi

Kila wimbo sasa una faili nne: ile ya asili ya .mus, ya MusicXML, ya PDF, na ya MuseScore. Zipe jina moja. Mimi naanza na herufi za mwanzo za mtunzi, kisha jina la wimbo, kisha mwaka kama unajulikana, bila alama za ajabu. "Wimbo mpya 2 mwisho kabisa" ni jina nililolikuta mara saba kwenye folda ya mwalimu, kwa nyimbo saba tofauti, na ilinichukua jioni nzima kuzitambua kwa kuzicheza moja moja huku yeye amekaa kitini, amefumba macho, akitaja jina la kila moja baada ya bar mbili.

Kisha printi nakala moja ya wimbo uliousafisha, uipeleke mazoezini Alhamisi ukiwa na penseli. Mwambie soprano mmoja, alto mmoja, tenor na besi waimbe kutoka kwenye karatasi hiyo tu, bila kukumbuka walivyozoea. Watakaposita, weka alama pale. Kwenye wimbo wetu wa kwanza walisita sehemu mbili. Moja ilikuwa kosa langu la silabi. Ya pili, bar ya 17, besi wote walishuka nusu sauti kinyume na karatasi. Nilirudi kwenye mashine ya zamani, nikafungua faili ya asili, nikakuta karatasi ni sahihi: kwaya ilikuwa inaimba kosa lile tangu wimbo ulipotungwa.